Talaka Micheweni: suala la wakili liamuliwe kabla karani hajashika kalamu

Katika shehia za Micheweni, kaskazini mwa Pemba, swali la wakili kwenye kesi ya talaka huulizwa muda ukiwa umeshapita. Huulizwa siku mume anapotokea mahakamani na mtu mwenye faili la kisheria mkononi. Huulizwa baada ya hukumu kusomwa na nyumba haikutajwa hata kwa neno moja. Au mwanamke ameshapata karatasi yake ya talaka na eda imekwisha, ndipo anapoikumbuka mikarafuu aliyoipalilia na kuichuma miaka yote ya ndoa. Hapo hata wakili akipatikana, kazi iliyobaki ni kutafuta mlango wa rufaa, na mlango huo ni mwembamba tena una gharama.

Si kila anayeachana na mwenzake anahitaji wakili, na wapo watakaopoteza fedha zao bure wakimweka. Lakini kila anayeelekea kwa kadhi anahitaji ushauri wa mtu anayeijua sheria kabla madai yake hayajaandikwa. Mambo mawili haya watu huyachanganya kuwa ni jambo moja, na hasara nyingi za talaka huanzia hapo.

Micheweni ina hali zake zinazolifanya suala hili kuwa zito. Kutoka Ras Kigomasha na msitu wa Ngezi hadi Maziwang'ombe na Kiuyu, riziki ya wanaume wengi iko baharini. Wapo wanaouza samaki wao Tumbe na kulala majumbani mwao, na wapo wanaokwenda dago kwa miezi, wakipiga kambi Unguja, Tanga na hata pwani ya Kenya. Wanawake wanalima mwani, wanavunja kokoto, wanalima muhogo na mpunga, na msimu wa karafuu ukifika wanachuma. Nyumba moja huingiza vipato viwili, lakini kwenye karatasi, pale karatasi inapokuwapo, jina huwa moja tu.

Ndoa ikiwa na amani, hilo halimsumbui mtu. Ikivunjika, ndilo linaloamua nani anabaki na paa na nani anarudi kwa wazazi wake na mafurushi.

Kutoka barazani hadi kwa kadhi

Mzozo wa ndoa Micheweni hauanzi mahakamani. Huanza ndani, ukatoka kwa wazazi, ukafika kwa wazee wa pande mbili. Utaratibu huo una asili yake katika dini: aya ya 35 ya Sura An-Nisaa inaagiza kuteuliwa hakamu mmoja kutoka upande wa mume na mmoja kutoka upande wa mke pale unapohofiwa mfarakano. Wazee wakishindwa, wanandoa hufika kwa sheha. Sheha husikiliza, hujaribu kusuluhisha, na suluhu ikikosekana huandika barua ya kuwapeleka mbele.

Mbele huko ni Mahakama ya Kadhi ya Wilaya. Kwa Waislamu wa Zanzibar, hapo ndipo ndoa, talaka, matunzo na malezi ya watoto yanapoamuliwa. Wenye ndoa zisizo za Kiislamu huenda katika mahakama za kawaida.

Wanaofungua kesi kwa kadhi wengi wao ni wanawake. Mtafiti wa Marekani Susan Hirsch aliliona hilo katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi, akaliandika katika kitabu alichokitoa mwaka 1998. Mwenzake, Erin Stiles, aliyekaa katika mahakama ya kadhi ya Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, alikuta hali hiyo hiyo, na kitabu chake kilitoka mwaka 2009. Sababu yake haina fumbo. Mwanamume anayetaka kuacha hahitaji ruhusa ya mahakama, kwani talaka iko mdomoni mwake. Mwanamke aliyechoka, aliyetelekezwa au aliyeachwa bila karatasi hana pengine pa kwenda.

Stiles aliona jambo jingine ambalo kila mwenye kesi Micheweni anapaswa kulijua: kazi kubwa hufanyika mezani kwa karani, kabla kadhi hajamsikiliza mtu. Mwanamke huja na kisa cha miaka kumi, chenye vipigo, njaa, wakwe na mke wa pili. Karani husikiliza, kisha hukipunguza kisa hicho kiwe madai ya kisheria yanayotosha katika karatasi. Kadhi ataamua yaliyoletwa mbele yake.

Sasa fikiria mwanamke ambaye mume yuko dago mwaka wa pili, haleti hata shilingi. Karani anamuuliza, "Mama, unadai nini?" Naye kwa uchungu anajibu, "Mimi nataka aniache tu, basi." Ataandikiwa hivyo hivyo. Nyumba aliyochangia mabati haimo. Nafaka, yaani matunzo yake kama mke, ya miezi yote ile haimo. Matunzo ya watoto hayamo. Karani hakumdhulumu, ameandika alichoambiwa.

Kilichobadilika mwaka 2017

Kwa miaka mingi mahakama ya kadhi ilikuwa mahali ambapo mtu huenda na mdomo wake na mashahidi wake. Ilisimama juu ya Sheria Namba 3 ya 1985. Mwaka 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria mpya ya Mahakama ya Kadhi, Namba 9 ya 2017, na mambo mawili ndani yake yanagusa moja kwa moja suala la wakili.

La kwanza, mwenye kesi anaweza kuwakilishwa. La pili, kadhi amepewa nguvu ya kusikiliza madai ya mali iliyochumwa ndani ya ndoa pale mwenye kudai anapothibitisha mchango wake halisi. Kabla ya hapo, mwanamke aliyeachwa aliyekuwa na madai ya nyumba au shamba alilazimika kuyapeleka mahakama za kawaida kama kesi ya madai, mbali na kesi yake ya ndoa. Wengi waliishia njiani.

Mabadiliko hayo yamefungua haki, na yameleta ugumu wake. Palipo na mali pana ushahidi, palipo na ushahidi pana ubishi, na ubishi wa nyaraka hauishi kwa machozi wala kwa kiapo peke yake. Upande mmoja ukija na wakili na mwingine ukaja mikono mitupu, mizani hailingani hata kama kadhi ni mwadilifu kiasi gani.

Hapa pana tahadhari moja. Simu zimejaa maelezo ya haki za mwanandoa, na mengi yanatokana na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara, haitumiki Zanzibar. Kesi mashuhuri ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ambamo Mahakama ya Rufani ilikubali mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa, ilitafsiri sheria hiyo ya Bara. Mwanamke wa Wingwi asiende kwa kadhi akiitegemea kama ngao. Kilicho salama kwake ni kuonesha alichotoa: fedha, nguvu au kitu.

Nani hahitaji wakili

Tuanze na walio wengi, wale ambao wakili hatawaongezea kitu.

Aliyeachwa na mume anakiri kuwa ameacha, hakuna mali ya kugombea wala watoto wanaogombewa, hahitaji wakili. Anahitaji talaka yake isajiliwe na apewe cheti, kwani bila karatasi hiyo atapata tabu siku akitaka kuolewa tena. Anahitaji pia kuijua nafaka ya eda. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pemba, aliyeachwa talaka rejea anastahiki chakula, mavazi na makaazi hadi eda iishe, na mjamzito hadi ajifungue. Mume akiwa amekubali, haya ni mambo ya vikao viwili vitatu.

Waliokubaliana kuachana kwa khului, mke akirejesha mahari au sehemu yake na mume akaridhia, nao hawahitaji wakili wakiwa kweli wamekubaliana.

Aliyetelekezwa, mume hajulikani alipo na hakuacha kitu, anachohitaji zaidi ni mashahidi. Ndoa yake inaweza kuvunjwa na kadhi kwa faskhi, na kwa kesi kama hiyo sheha anayejua tangu lini mume hajaonekana, au jirani aliyekuwa akimpa unga, ana uzito mkubwa kuliko hoja za mwanasheria yeyote.

Mwenye kudai matunzo ya watoto kwa baba ambaye kipato chake kinajulikana anaweza pia kusimama mwenyewe. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamhakikishia mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake wawe pamoja au wameachana.

Hata hawa wanne, kabla ya kwenda, wapate mtu wa kuwapitishia madai yao. Mwenye sababu ya kutosha ya kuvunjiwa ndoa bila kutoa kitu huweza kujikuta anainunua talaka yake kwa sababu tu aliambiwa ndiyo njia ya haraka. Aliyekosa nafaka miaka miwili huweza kuisamehe bila kujua kwamba ilikuwa deni. Kwa fiqhi ya Shafi, nafaka ya mke isiyolipwa inabaki shingoni mwa mume, lakini ya watoto iliyopita haidaiwi kama deni mpaka kadhi awe ameiamuru. Maana yake ni kwamba mama aliyeachiwa watoto asingoje mume arudi dago. Kila mwezi anaokaa kimya huenda ukampotea.

Nani amweke

Wakili anahitajika hasa pale ugomvi unapozidi karatasi ya talaka.

Mali inakuja kwanza. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, upande wa mashariki wa Unguja, kisha kikaenea Pemba. Kwa mara ya kwanza wanawake wengi wa vijiji vya pwani walishika fedha zao wenyewe kwa wingi, na fedha hizo ziliingia wapi? Ziliingia kwenye matofali, mabati, milango, ada za skuli na vyombo vya nyumbani. Nyumba ikapanda kidogo kidogo, leo msingi, mwakani ukuta. Kiwanja ni cha ukoo wa mume. Fundi alilipwa na mume. Aliyetoa fedha za saruji hakuandika popote, kwani nani humwandikisha mumewe risiti?

Kwenye mashamba mambo yanakuwa magumu zaidi. Ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma chini ya usimamizi wa serikali, na mtu huwa na haki ya kuitumia kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Namba 12 ya 1992. Zipo familia zinazolima eka tatu walizogaiwa wazee wao baada ya Mapinduzi ya 1964. Juu ya hayo, kwa mila za visiwani mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti. Mke anaweza kuwa alipanda mikarafuu au minazi katika shamba ambalo si lake wala si la mumewe, bali la baba mkwe. Anadai nini hapo: miti, mazao, au fidia ya nguvu zake? Amdai nani, mume au warithi wa baba mkwe? Swali kama hilo halijibiwi barazani, na akilikosea mwanzoni kesi huanguka kabla haijasikilizwa.

Vyombo vya baharini vina mkanganyo wao. Boti inaweza kuwa na wenye hisa watatu, mashine ikanunuliwa kwa mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa ambacho mwanachama wake ni mke, na leseni ikawa kwa jina la mume au la kaka yake. Mali ikishakuwa kwa jina la mtu wa tatu, mwenye kesi amweke wakili.

Watoto ndio sababu ya pili. Kwa Shafi, malezi ya mtoto mdogo ni ya mama, na mtoto akifikia umri wa kupambanua, kiasi cha miaka saba, hupewa nafasi ya kuchagua. Yakiwa hayo yanafahamika na mzazi mwingine yuko Konde au Wete, wazee wanatosha. Lakini baba akitaka kuwahamisha Unguja au Bara, au kuwapeleka Maskati ambako familia nyingi za Pemba zina ndugu, suala linahitaji amri ya mahakama iliyoandikwa sawasawa. Mtoto akishavuka bahari, kumrudisha ni kesi nyingine kabisa.

Sababu ya tatu ni talaka inayobishaniwa. Mume anasema alitamka moja, mke anasema tatu. Mume anadai alirejea ndani ya eda, mke anasema eda ilikuwa imeshapita. Ujumbe wa simu ulitumwa usiku, kisha ukafutwa. Watu hudhani ugomvi wa namna hii ni wa heshima tu, lakini tarehe moja hapa inaweza kubadilisha mirathi: mume akifariki mke akiwa ndani ya eda ya talaka rejea, mke huyo anarithi, eda ikiwa imekwisha, harithi. Penye tofauti kubwa hivyo, ushahidi upangwe na anayejua kuupanga.

Ya nne ni upande wa pili kuwa na wakili. Usimjibu kwa sauti kubwa. Nawe tafuta wako, au angalau uombe muda wa kumtafuta.

Ya tano ni rufaa. Kesi zilizoanzia kwa kadhi haziendi Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Kifungu cha 99 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kimeyaweka masuala ya sheria ya Kiislamu yaliyoanzia mahakama za kadhi nje ya mamlaka yake. Hukumu inaishia hapa hapa Zanzibar, kwa hiyo nafasi za kusahihisha kosa ni chache. Siku za kukata rufaa nazo zinahesabiwa. Asiyeridhika aulize siku ile ile ya hukumu ana muda gani, na aombe nakala ya hukumu kabla hajatoka mahakamani.

Kipigo ni jambo la peke yake. Mwenye kupigwa asiambiwe asubiri kikao cha wazee wala asitafute wakili wa talaka kwanza. Kupiga ni jinai. Aende polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, apite hospitali katika kituo cha Mkono kwa Mkono, apate matibabu na kumbukumbu za maandishi. Kumbukumbu hizo zitamsaidia kwa kadhi pia.

Msaidizi wa sheria kabla ya wakili

Mawakili Pemba ni wachache, na ofisi zao haziko Kiuyu wala Makangale. Wengi hupatikana Chake Chake na wengine Unguja. Wapo pia mavakili, wenye leseni ya kusimama katika mahakama za chini. Kwa mwanamke anayeishi kwa mwani, nauli ya kumfuata wakili tu ni fedha ya chakula cha nyumba. Ndiyo maana hatua ya kwanza kwake ni msaidizi wa sheria.

Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992 na chenye ofisi Chake Chake, kimetoa mafunzo kwa wasaidizi wa sheria katika Unguja na Pemba kwa miaka mingi. Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ZAFELA, nayo inasimamia kesi za wanawake na watoto. Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018 imewatambua watoaji wa huduma hii na kuwawekea utaratibu wa kusajiliwa, na kila wilaya ina wasaidizi wake.

Msaidizi wa sheria ana mipaka, na ni vyema mtu aijue. Hasimami mahakamani kwa niaba yako. Anachofanya ni kukueleza haki zako, kukusaidia kupanga madai na nyaraka, kukusindikiza, na kukwambia kwa ukweli kama kesi yako inahitaji wakili au la. Huduma yake ni ya bure. Anayedai malipo kwa kukuandikia madai hayo anafanya kinyume na kazi yake.

Ujuzi wenyewe wa mambo haya haujawahi kuwa mgeni kwa Waswahili. Sheikh Ali Hemedi el-Buhriy wa Tanga aliandika Nikahi kwa Kiswahili, na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyekuwa kadhi Zanzibar kabla ya kwenda kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kitabu juu ya ndoa na talaka kwa lugha inayosomwa na kila mtu. Masheikh hao walitaka mume na mke wajue hukumu zinazowahusu kabla ya ugomvi. Wasaidizi wa sheria wanafanya kazi hiyo hiyo, wakiongeza sheria za nchi.

Ukiamua kumweka

Usimchague wakili kwa jina wala kwa suti. Muulize kwanza kama amewahi kusimamia kesi mbele ya kadhi. Aliyezoea kesi za jinai na hajui tofauti ya faskhi na khului atakuwa anajifunzia kwako.

Uliza malipo ni ya kesi nzima au ya kila kikao, kwani kesi huahirishwa. Uliza nani analipa nauli yake kutoka Chake Chake. Makubaliano yaandikwe, kila malipo yawe na risiti, na nyaraka asili zibaki kwako, yeye apewe nakala. Linganisha pia thamani: kumlipa wakili fedha nyingi kwa kugombea kabati na kitanda ni kujiongezea hasara. Muulize swali moja la mwisho, kisha msikilize anavyojibu: "Ukiwa wewe ni mimi, ungeendelea?" Anayekuahidi ushindi kabla hajasoma karatasi zako, muage kwa adabu.

Mwenye uwezo mdogo si lazima amlipe wakili kesi nzima. Anaweza kumlipa kwa ushauri wa siku moja na kuandikiwa madai, kisha akasimama mwenyewe. Kwa kesi nyingi za kijijini, fedha hiyo ndiyo inayofanya kazi kuliko zote.

Tatizo hili si la Pemba peke yake. Uingereza ilipoondoa msaada wa kisheria wa serikali kwa kesi nyingi za kifamilia mwezi Aprili 2013, mahakama zake zilijaa watu wanaojitetea wenyewe bila kujua pa kuanzia. Nchi tajiri yenye mawakili kila mtaa iligundua kwamba asiyepewa ushauri mapema humchukulia hakimu muda mwingi baadaye. Kwetu, palipo na mawakili wachache, ushauri wa mapema una thamani kubwa zaidi.

Wanaume nao

Ingekuwa makosa kudhani haya ni ya wanawake tu. Mvuvi aliye dago asiyepokea wito wa mahakama anaweza kurudi akakuta hukumu imeshatolewa bila yeye kusikilizwa. Aliyetuma fedha za ujenzi miaka mitano kupitia simu ya mke, kiwanja kikanunuliwa kwa jina la shemeji, naye ana madai ya kuthibitisha. Aliyetamka talaka kwa hasira na kutaka kurejea anahitaji kujua siku za eda zimefika wapi kabla hajabisha hodi. Mwanamume anayepata ushauri mapema mara nyingi huacha kwa ihsani, akalipa kinachompasa, na watoto wakabaki na wazazi wanaosalimiana.

Ushahidi nao haukusanywi siku ya ugomvi. Cheti cha ndoa kiwe na nakala kwa mzazi au ndugu. Stakabadhi za mnunuzi wa mwani, daftari la kikundi cha hisa, risiti ya mabati, ujumbe wa fedha za simu, jina la fundi aliyejenga na la jirani aliyeshuhudia, vyote viwekwe pahala pamoja. Kuviweka si kumtilia shaka mwenzako. Navyo vitahitajika hata ndoa ikidumu, siku ya mirathi.

Chama cha Wanasheria Zanzibar na Idara ya Katiba na Msaada wa Kisheria wana nafasi ya kufanya jambo dogo lenye faida kubwa: kupanga siku maalumu kila mwezi ambapo wakili atakaa Micheweni, karibu na mahakama ya kadhi, kuwasikiliza wanaotaka kufungua madai. Mahakama nayo ingeweza kuweka utaratibu kwamba kabla ya madai kupokelewa, mwenye kesi anaulizwa waziwazi kuhusu mambo matano: talaka, nafaka, mahari iliyobaki, watoto na mali. Maswali hayo matano yangeulizwa mezani kwa karani, kesi nyingi zinazorudi kwa rufaa zisingekuwapo.

Mpaka hapo utaratibu huo utakapokuja, ewe msomaji, jiulize mwenyewe. Kama kinachogombewa ni karatasi ya talaka tu, nenda na mashahidi wako, fedha zako zitunze. Kama kuna nyumba, shamba, chombo, mtoto anayetaka kuvushwa au talaka inayokanushwa, weka wakili. Na kama hujui uko upande gani, pita kwa msaidizi wa sheria wa wilaya yako kabla hujafika kwa karani. Madai yakishaandikwa na kutiwa saini, kuyarekebisha ni kazi ngumu kuliko kuyaandika vizuri tangu mwanzo.